Vibandiko vya Wifi

Jumatatu, 3 Juni

"Maskara ikifikisha miezi sita tangu ifunguliwe, itupwe." Hayo ni maneno ya wifi yangu, muuza dawa, leo sebuleni, mbele ya ukoo mzima. Ameishika maskara yangu ya kope kwa ncha za vidole kama mjusi aliyekufa. Uongo mtupu! Ina miaka minne na imepamba maharusi saba. Hakuna aliyepofuka. Wa tano macho yalimwasha, lakini yule alilia tangu asubuhi.

Akanionyesha mchoro nyuma ya kopo la krimu: kikopo kilicho wazi, ndani yake 12M. Ati miezi kumi na miwili, tangu siku ya kufungua. Nikamuuliza nani anaikumbuka siku hiyo. Akajibu kwamba ndiyo maana yeye hubandika tarehe kwenye kila kifuniko. Kila kifuniko! Losheni ina cheti cha kuzaliwa!

Kisha hukumu: Jumamosi binti yake anaolewa, na sitampamba mpaka sanduku langu likaguliwe Ijumaa. Mimi! Shangazi mtu! Mtoto nimempaka poda tangu yuko kwenye beseni.

Jumanne, 4 Juni

Nimelikagua mwenyewe, bila upendeleo. Faundesheni: mafuta juu, rangi chini. Na mchuzi je? Hujitenga, tunakoroga, tunakula. Nikakoroga. Rangi ya mdomo inanuka kama mshumaa. Nani atanusa midomo ya bibi harusi? Bwana harusi, akasema jirani yangu mwenye saluni. Sikumuuliza yeye.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa wifi kumjulia hali. Nikaomba kunawa mikono. Rafu ya bafuni kwake ni kama ya duka lake: makopo yamepangwa mstari, vibandiko vidogo, mwandiko wa sisimizi. Nikabandua saba vya mwezi uliopita, vihamie sandukuni kwangu. Vifuniko vitupu vingenichongea, kwa hiyo nikabandika vingine, kwa mwandiko wake, vyenye tarehe za sanduku langu. Tarehe za kweli kabisa! Asiseme sijawahi kuandika ukweli.

Wifi akauliza mlangoni kama tumbo linaniuma. Nikasema naam, kwa uchungu wa kuonewa.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Wifi amesoma tarehe zote saba upesi upesi, mwandiko hakuutazama, akainama, akasema, "Nisamehe, wifi, nimekukosea." Nikamsamehe kwa dakika ishirini.

Kisha akanong'ona, kwa aibu, kwamba vipodozi vyake saba amekuta vimepitwa na wakati. Miaka minne! Ati amezeeka, kumbukumbu imekwisha, kavitupa vyote jana. Je, nitampamba na yeye kesho? Nikasema nitampamba wa kwanza. Roho yangu ni pana.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempaka wifi, nikajipaka mimi. Bibi harusi akakaa kitini. Nikainua brashi.

"Shangazi," akasema taratibu, "jicho lako linajifumba."

Nikamwambia ni furaha. Akauliza kama na la mama yake ni furaha. Nikageuka. La wifi la kulia lilikuwa limevimba kama andazi, langu la kushoto vilevile. Kati yetu tulikuwa na macho mawili mazima. Kwa lile lake moja, wifi alibandua kibandiko cha maskara, akakitazama kwa karibu, akanitazama mimi kwa karibu zaidi. Mwandiko wake anaujua. Na bafu lake anajua nani aliingia.

Amelitwaa sanduku. Bibi harusi amepambwa na jirani wa saluni, na sitasema kwamba alipendeza. Katika picha zote, mstari wa mbele, kuna wanawake wawili wenye miwani ya jua.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari kwa jicho moja, na nimeona wazi. Maskara ilikaa miaka minne bila kibandiko, haikumdhuru mtu. Imekaa siku tatu na kibandiko: macho mawili! Ni ile gundi. Ushahidi ndio huo, anayebisha abishe.

Wifi, unayesoma shajara za watu ukiingia kunijulia hali: nirudishie sanduku langu kabla ya Jumatano, vitu vyote vikiwa ndani. Usibandike chochote! Na ninyi mabinti wawili wa kaka zangu mnaoolewa Desemba, msiende kwa jirani. Njooni kwangu na nyuso zenu. Tarehe ziacheni nyumbani.