Mtaalamu wa Cheni

Jumatatu, 7 Aprili 1986
Lori jipya limefika kwenye chama chetu cha ushirika! Msaada kutoka nchi ya baridi. Tani kumi, rangi ya chungwa, matairi yana meno yote. Hapa Bunda tairi lenye meno linatazamwa kama bibi harusi. Nyuma ya kiti tukakuta cheni nzito, mizigo miwili. Bwana Apolinary, mkuu wa usafirishaji, akasema ni za kufunga kwenye matairi ili lori lisiteleze. Pamba ya mwaka jana bado imelala ghala la Mugeta, bati linavuja, barabara ya huko imekuwa uji tangu Pasaka. Dereva anayejua kufunga cheni ndiye atakayekabidhiwa lori.

Mwikwabe, miaka ishirini kwenye usukani, akakiri kuwa hajawahi. Mkweli sana Mwikwabe. Ndiyo maana lori lake linawashwa kwa kusukumwa. Mimi nikasema nilizifungaga jeshini, vita ya sabini na tisa. Kweli nilikuwa jeshini. Jikoni.

Nimepangiwa kuwafundisha madereva wote Alhamisi.

Jumanne, 8 Aprili
Nimeomba kitabu cha maelekezo nije nacho nyumbani Nyasura. Lugha haisomeki, herufi zina vidoti juu. Nikabaki na picha. Mzungu kavaa soksi mikononi, kapiga magoti mbele ya lori, na chini kote kumejaa pamba. Pamba! Mpaka magotini! Wenzetu wanavuna hadi wanaikanyaga kwa magari.

Mke wangu Dafroza akachungulia, akasema hiyo ni theluji, walisomaga darasa la sita. Nikamwuliza yeye ni dereva? Akasema si dereva. Basi.

Jumatano, 9 Aprili
Nimebeba cheni moja nyumbani, nimefanya mazoezi. Tairi sina, nikatumia pipa la maji. Cheni ikaingia vizuri, ikatoka vizuri zaidi, ikatua kwenye kidole gumba cha mguu. Jirani yetu Hyasinta akauliza kama nafunga pipa kwa sababu ya wezi. Nikamwambia ndiyo. Akaniomba nikimaliza nimfungie na la kwake.

Kidole kimevimba. Ujuzi umeingia.

Alhamisi, 10 Aprili
Somo limefana! Nilifunga cheni mbele ya madereva tisa, kwenye matairi ya mbele, kama yule mzungu. Mwikwabe akauliza, ndoano za upande wa ndani mbona zinaning'inia? Nikamjibu ni za urembo. Akauliza tena, kwa nini mbele wakati yanayosukuma ni ya nyuma? Nikamwuliza, yeye akitembea anatanguliza kisogo? Wote wakacheka. Bwana Apolinary akacheka mpaka akavua miwani.

Nikazunguka uwanja mara mbili. Ardhi kavu, mlio kama kengele za kanisa. Nimekabidhiwa ufunguo. Mwikwabe kapangwa kuwa msaidizi wangu. Nilimhurumia, kidogo.

Ijumaa, 11 Aprili
Naandika nikiwa na tope masikioni.

Kilomita mbili kabla ya ghala, cheni ya kushoto ilichomoka, ikararua madigadi, ikaruka shambani kwa watu. Lori likakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Nikakanyaga mafuta. Likakaa zaidi.

Wenye pamba wakaja na majembe. Mbele yao Mama Euphrasia, mjane, mavuno yake yote yamo ghalani. Akalizunguka lori polepole.

"Dereva, mwanangu, gari hili linasukumwa na miguu ipi?"

Nikasema ya nyuma.

"Sasa viatu umevisha ya mbele kwa nini?"

Nikafungua kitabu nimwonyeshe picha. Mvua ikakisoma kabla yake. Mwikwabe akatazama pembeni. Hakusema hata "nilikwambia." Roho mbaya ya aina yake.

Wakaiokota cheni shambani, wakafungua na ya kulia, wakachimba kuzunguka matairi ya nyuma. Mwikwabe akalala kwenye tope chini ya lori, Mama Euphrasia akampitishia cheni kwa juu. Ndoano za ndani kwanza, kisha za nje. Mwikwabe akaendesha hatua kama kumi, akasimama, akashuka, akakaza upya. Mimi nilisimamia mwavuli.

Lori likapanda. Hivyo tu! Watu wakapiga vigelegele, nami nikapunga mkono.

Ghalani, magunia ya ukutani yalikuwa yameshaoza. Mama Euphrasia akazamisha mkono kwenye gunia lake mpaka kiwiko, akatoa pamba kavu. Akaishika tu. Kwa dakika nzima nilitaka kumweleza ukweli kuhusu jeshi. Ikapita.

Jumamosi, 12 Aprili
Mzigo umefika kiwandani. Bwana Apolinary akauliza safari ilikuwaje. Mwikwabe akasema tulifunga cheni, tukafika. Ningeponea hapo, lakini Mama Euphrasia alikuja nasi juu ya magunia yake, na hakuombwa kueleza. Alieleza. Akaigiza na mwavuli.

Lori amepewa Mwikwabe. Mimi nimepewa brashi na nusu lita ya dizeli nisafishe cheni.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: tope la Mugeta halina utaratibu.

Nimemwandikia Bwana Usafirishaji wa Mkoa kule Musoma, kuomba nafasi ya Mkufunzi wa Cheni, Mkoa wa Mara. Uzoefu: jeshi na Mugeta. Napendekeza tuanzie Butiama, na Mwikwabe awe mbeba spana wangu. Kwenye ukurasa wa pili nimechora mchoro wa ufungaji sahihi, kwa wino mwekundu, na mshale unaoonyesha matairi ya mbele.

Dafroza ameusoma. Ameuliza kama stempu bado ninayo mkononi au nimeshaibandika.

Nimeshaibandika.