Sabufa kwenye Kiti cha Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata mpango! Mama mwenye duka la redio anatafuta msichana wa kuwaonyesha wateja spika. Kumwomba kazi kwa mdomo siwezi. Juzi nilifika hadi kaunta yake, nikaishia kununua betri. Basi sabufa ya baba, ile spika yake ya besi, itaniombea. Nimemtumia ujumbe aje Jumamosi asikie besi ya sebuleni kwetu. Amekubali! Tatizo moja dogo: besi yenyewe inanguruma kama tumbo lenye njaa.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma mbinu. Sabufa unaikalisha pale anapokaa msikilizaji, halafu unatambaa sakafuni ukitafuta mahali besi inaposikika safi. Hapo ndipo pa kuihamishia. Nikaikalisha kwenye kiti cha baba, nikatambaa. Raha iliyoje! Baba akarudi kazini. Akaitazama sabufa kitini, akanitazama mimi chini ya meza, akauliza yeye akae wapi. Pazuri kuliko pote ni kando ya kabati la glasi. Mama akasema glasi zake zikicheza, na mimi nitacheza. Nimeisogeza. Kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Binamu alikuja kunicheka. Tunamwita Injinia, kwa sababu alitengeneza pasi yao ikafa. Akasema sabufa yetu inakohoa, yake ndiyo inaunguruma. Nikajifanya siamini, eti ailete tusikie. Akaileta mbio! Ameingia mtegoni mzimamzima. Sabufa mbili, besi mara mbili!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Nikiwasha zote mbili, besi inatoweka. Nikizima moja, inarudi. Injinia akasema yetu ina wivu. Nikasoma tena: moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, zinafutana. Dawa ni swichi ndogo iliyo nyuma. Nikageuza ya kwetu. Besi! Niliruka nikagonga taa kwa kichwa. Injinia alikuwa ananikodolea macho. Sikumweleza kitu. Siri ya ufundi.

Jumamosi, 8 Machi
Mgeni alikuja, akakaa kiti cha baba. Nikawasha. Besi hakuna! Muziki mwembamba kama mbu. Mama mwenye duka akaniuliza, mwanangu, kulikoni? Wote wakanigeukia. Nikainamia swichi yetu: iko palepale nilipoiacha. Injinia, aliyelala kwetu kuilinda sabufa yake, akasema polepole kwamba alfajiri aligeuza swichi yake pia, kwa kuwa mimi niligeuza yetu, ili yake isionekane imeonewa.

Nikapiga magoti, nikatambaa mbele ya mgeni, nikairudisha swichi yake. Dum! Glasi zikacheza zote. Mama akapiga kelele jina langu lote, hadi la babu. Mgeni akacheka, akauliza nimefanya nini. Nikamweleza. Kusukuma, kuvuta, kufutana, yote, mpaka chai ikapoa. Akasema nianze Jumatatu. Besi ameshasikia nyingi maishani, alisema, ila hajawahi kueleweshwa hivi. Kazi yangu itakuwa kuongea na wateja, basi.

Jumapili, 9 Machi
Kazi nimepata! Nilijua sabufa itaniombea vizuri. Imebaki hiyo shida ya kuongea na wateja, ila nimeshaipatia mpango. Injinia ana rafiki mwenye sabufa kubwa kuliko zetu zote. Nikiipanga dukani pamoja na hizi mbili, swichi zikiwa sawa, hakuna mteja atakayeweza kuniuliza swali nikalisikia.