Sekunde Moja ya Kompyuta Mpya

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya ofisi nzima. (Suruali ninayo. Heshima ndiyo sina.)

Mnajua kazi yangu hapa kwenye shamba la ngano la serikali, Hanang. Mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Kila asubuhi meneja anataja eneo la kuvunwa, na programu yangu inatoa karatasi ya madereva wa kombaini. Nimeiandika mwenyewe, na nimejisifia hadi nyumbani Nambis!

Inafanya hivi. Inachukua faili ya karatasi ya jana na kuitia tarehe ya leo. Inaandika eneo jipya kwenye faili ya mpango. Kisha inalinganisha muda wa kuhifadhiwa kwa faili hizo mbili: mpango ukiwa wa baadaye, inabadilisha eneo kwenye karatasi. Muda ukilingana, inaacha ilivyo.

Leo tumepata kompyuta mpya. Meneja akasimama nyuma yangu. Mlima Hanang umejaa wingu, ngano imeiva, na mvua ikitangulia tumekwisha.

"Itachukua muda gani?"

"Mkuu, hata kupepesa jicho hutawahi!" (Mdomo huu!)

Kweli, hakuwahi. Karatasi ikatoka na tarehe ya leo. Sikuisoma. Nani asome kazi yake mwenyewe? Kombaini zikaondoka.

Baadaye redio ya upepo ikakoroma. Ni Bura, dereva wa mbele.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba," meneja akajibu. "Mmefika?"

"Tumefika. Ila hapa tulivuna jana. Kuna ng'ombe wanakula mabua. Tuvune ng'ombe?"

Ofisi nzima ikanigeukia. Nilitamani kuingia ndani ya kile kiboksi cha kompyuta.

Nimegundua kosa. Lugha ya kompyuta niliyoandikia programu inasoma muda wa faili kwa sekunde nzima; vipande vya sekunde inavitupa. Kompyuta ya zamani ilikuwa mvivu, kila hatua ilikula sekunde kadhaa. Hii mpya imemaliza zote ndani ya sekunde moja, ikaona muda umelingana, ikaacha eneo la jana. Miaka yote nilikuwa naokolewa na uvivu!

Na kuzunguka kwa barabara hadi eneo lenyewe ni safari ndefu. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mke wangu.

Lakini mwenye ng'ombe, Mama Udashani, mfugaji wa Kibarbaig, akamwuliza Bura, "Mwanangu, mmepotea?" Angeweza kugomba, maana zamani mashamba haya yalikuwa malisho yao. Hakugomba. Akawasogeza ng'ombe, akatangulia na fimbo yake, akazipitisha kombaini njia ya mifugo ya kwenda kunywa maji, moja kwa moja hadi kwenye ngano.

Mvua imekuja jioni. Ngano iko ghalani, kazi ninayo. Mama, Mungu akubariki, na Jumapili nakuletea sukari na majani ya chai mwenyewe.

Nyinyi wengine msinicheke tafadhali. Ng'ombe wameshacheka kwa niaba yenu.