Malalamiko ya Mfumu wa Didia Dhidi ya Vitundu Vitatu

Didia, Shinyanga
Agosti, 1998

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Mtakatifu Ambrosi.

Mheshimiwa, shikamoo.

Mimi ni Bujiku, mfumu wa hapa Didia. Napasua kuku, nasoma matumbo yake, namwambia mtu linalomsumbua. Nakuandikia kwa heshima zote, mganga kwa mganga mwenzake, ingawa nina hasira.

Mke wangu, Mama Lusia, alitolewa mfuko wa nyongo kwingine, si kwako. Kisu kikajeruhi mrija wa nyongo. Akawa manjano mpaka machoni, akawashwa hadi akajikuna kwa gunzi. Nikampasulia kuku kadhaa. Wote wakamtaja shangazi yangu. Ndipo madaktari wageni hapo kwako wakautengeneza mrija kwa vitundu vitatu, huku wakitazama ndani ya tumbo lake kwenye televisheni. Amepona. Sasa malalamiko:

1. Vitundu vyenyewe havipitishi hata kidole. Mawifi walikuja kumpa pole, wakaomba kuona mshono. Walipoonyeshwa wakasema huyu hakupasuliwa, wakaondoka na maharage yao.

2. Wateja wameharibika. Davis, mchimbaji wa Kalangalala kule Geita, aliniletea jogoo nimtazamie duara lipi la kuchimba lina dhahabu. Akataka nitoboe vitundu vitatu tu, nichungulie, nishone, jogoo arudi Geita akiwika. Jamani! Nilijaribu. Sitaki kuyazungumzia.

3. Shangazi anadai aombwe radhi mbele ya ukoo mzima, eti televisheni imeonyesha ni kisu, si yeye. Kazi ya babu yangu inanifia mikononi, na mimi kulima pamba sijui.

Kwa hiyo naomba mumrudishe Mama Lusia mezani, mumpasue upya kiungwana, kutoka kifuani hadi kitovuni, ukoo ukiwa umekaa kwenye mabenchi unashuhudia. Mkishindwa hilo, basi nipeni mimi hiyo televisheni.

Nisalimie manesi, wapishi, na hata yule mlinzi aliyenizuia kuingia wodini na kuku.

Wako katika uganga,
Bujiku

N.B. Jana nilipasua kuku, nikamwuliza kama Mama Lusia amepona kabisa. Kuku akakataa. Sijapata usingizi, na chakula hakipiti. Mezani asirudi, msimguse! Tafadhali mwombe daktari wa vitundu aniandikie upesi kwamba kuku huyu ni mwongo. Akisema yeye, nitaamini.