Namna Nilivyomchagulia Dada Pikapu ya Dizeli

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi. Ukungu umekuja mpaka mlangoni. Lakini mimi moto!

Dada yangu Atupakisye anataka pikapu ya dizeli iliyotumika. Kapata mteja wa ndizi Uyole, mama mmoja mwenye meza kubwa sokoni. Mzigo wa kwanza unatakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine, na wanaoitaka ni wengi. Sasa nani hapa Ibighi anazijua pikapu za dizeli? Sijisifu. Ni mimi, Anyitike.

Niliwahi kuwa utingo wa lori la chai. Miezi miwili tu kwenye karatasi, ila kwa uzoefu ni kama miaka ishirini. Siku moja dereva alishikwa na homa katikati ya mteremko. Nikashika usukani. Breki hakuna. Nililishusha lori lile kwa honi tupu! Ng'ombe walipisha, watu walipisha, nadhani hata kona moja ilinyooka.

Mpango ni huu: nachagua gari, Dada anashukuru, dereva nakuwa mimi. Mkono dirishani. Honi kila nikipita kwa Lutufyo.

Lutufyo ni jirani. Ana bajaji, basi anajiona rubani. Jioni kaja kumwambia Dada atafute fundi wa kulikagua gari. Eti dizeli isikilizwe asubuhi ikiwa ya baridi, eti maji yaangaliwe. Nikamuuliza bajaji yake ina silinda ngapi. Kasema moja. Nikamwambia basi azungumze mambo ya silinda moja. Akacheka, akaniita malafyale wa magari. Malafyale kwetu ni chifu. Heshima hiyo nimeipokea.

Jumanne, 3 Juni

Pikapu imepatikana! Ya Sekela, muuza viazi wa Isongole. Ya bluu. Anaiuza kwa sababu viazi vyake vinashuka Tukuyu na gari linarudi tupu, halimlipi.

Tatizo moja dogo. Sekela ni mke wa Ulimboka, mtoto wa marehemu kaka yangu. Yaani ni mkwe wangu. Na sisi Wanyakyusa tuna mila yetu: mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Akisikia nakuja, anajificha. Nikimwona, nageukia ukutani. Ulimboka naye yuko Chunya kwenye dhahabu, hawezi kusimama katikati.

Dada kasema hayo mambo ya bibi zetu, siku hizi wakwe na baba wakwe wanakaa benchi moja kanisani. Nikamjibu benchi ni la kanisa, mila ni yetu. Akasema basi aende mwenyewe. Nikamuuliza ndizi zitakatwa na nani? Akataka walau ampigie Sekela simu, amuulize gari linaumwa nini. Nikaruka! Muuzaji hapigiwi simu. Ukimpigia anajua unalitaka, bei inapandia hewani.

Kabla ya kulala nimekumbuka kanuni zangu za kununua gari. Tairi usiziangalie, zinachafuka kila siku, zitakudanganya. Sikiliza honi. Gari lenye honi nzito limelelewa vizuri. Moshi mweusi ni nguvu, moshi mweupe ni usafi. Oili inuse, ikinuka oili, ni nzima. Vitu hivi hawafundishi shuleni. Mimi niliacha darasa la sita, ndiyo maana navijua.

Jumatano, 4 Juni

Siku kubwa!

Lutufyo alinipeleka Isongole na kibajaji chake. Kwenye mlima kilikohoa mpaka nikakionea huruma. Nikamwacha barabarani, nisije nikamfundisha utaalamu wa bure. Alilalamika kwamba baridi itamuua. Nikamwambia silinda moja haifi haraka.

Nikabisha hodi kwa kukohoa, kama inavyotakiwa. Sekela akakimbilia nyuma ya jiko. Mtoto wa watu ana adabu! Ufunguo alikuwa ameuweka juu ya kinu, nje uani. Nikauchukua bila kutazamana na mtu.

Nilikuwa nimeshika boneti niifungue, sauti ikatoka nyuma ya jiko. Sekela anaita baba, baba, subiri kwanza, kuna neno juu ya gari hili. Mkwe kunisemesha! Nikajua ni wasiwasi wa biashara umemzidi. Ili nisimwaibishe, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu. Naye akapaza. Nami nikapaza. Mbwa wa jirani akaingia ubeti wa pili.

Nikamwona akizungukia upande wa pili wa jiko, anataka kutokeza. Nikaachia boneti, nikajitupa kwenye mahindi. Akarudi. Nikatoka. Akatokeza tena! Safari hii nilifunga macho, nikalikagua gari kwa kulipapasa. Linapapasika vizuri. Mabati mazito, taa zote mbili zipo. Honi nilipobonyeza, kuku walitawanyika. Nikasema limekwisha kununuliwa hili, Dada atamalizana na mkwe wake kwa simu.

Nikawasha. Ngurumo! Nikaondoka. Kwenye kioo nikamwona Sekela anakuja mbio nyuma yangu, kashika kitu cha chuma mkononi, anakipunga juu juu. Mkwe gani anakimbiza baba mkwe barabarani mchana kweupe? Watu wangesema nini? Nikakanyaga mafuta kumwokoa na aibu hiyo. Lutufyo alipiga kelele nisimame. Nilimpungia kama wanavyopunga wakubwa.

Kupanda kutoka Kiwira, gari lilianza kutoa mvuke mbele. Sikushtuka. Kwenye baridi ya Tukuyu kila kilicho hai kinatoa mvuke, hata mdomo wangu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepita nalo mtaani mara kadhaa, polepole, ili watu wasome namba. Watoto walikimbia nyuma. Mchungaji alinyanyua kofia. Nadhani alininyanyulia mimi.

Lutufyo kaja na maneno yake. Kainama chini ya gari, kasema maji yanadondoka, lisiende popote. Nikamwambia ng'ombe mzima anakojoa. Kasema Sekela alimfikia jana pale barabarani akihema, anamtafuta Dada kwenye simu. Hapo nikaelewa kila kitu. Mkwe anataka kuongeza bei! Nikamwambia Lutufyo ujumbe umefika, aende salama. Bahati nzuri simu ya Dada nilishaichukua mezani jana asubuhi, nikaizima, nikamwambia chaji imekwisha na umeme wenyewe hauaminiki. Namlinda. Ndiyo kazi ya kaka.

Dada yuko shambani tangu asubuhi na kina mama wenzake. Mikungu imelala uani kama jeshi lililoshiba. Usiku huu kaniuliza mara tatu kama gari litafika. Kasema akimkosa mteja huyu, ndizi hizi zitamwivia mikononi, na shamba alishalipalilia lote kwa ajili yake. Nikamwambia alale. Nimeinusa oili yake. Ilinuka oili.

Ijumaa, 6 Juni

Nimelowa. Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi.

Tuliondoka alfajiri, mikungu imejaa mpaka juu, Dada kando yangu na khanga mpya. Kiwira tulivuka tukiimba. Mlima ulipoanza, mvuke ukaanza. Halafu mvuke ukawa wingu. Halafu mshale wa joto ukaenda mpaka mwisho ukalala huko. Nikamwambia Dada mshale ukifika mwisho maana yake gari limefika kwenye nguvu zake zote. Likazima.

Lori likatupita. Basi likatupita. Hata bodaboda yenye nguruwe nyuma ilitupita, na nguruwe alitutazama.

Dada aliomba simu yake. Akaiwasha. Ikalia milio mingi mfululizo. Akasoma, akasoma, akaniangalia. Akasema Sekela anaandika tangu juzi kwamba pampu ya maji imekufa, gari lisitoke uani kwake, pampu mpya ameshainunua na fundi alikuwa anakuja jioni ileile kuifunga. Akaniuliza kama nililijua neno hilo. Nikamjibu kwa haki kabisa: sikulisikia. Nilikuwa naimba.

Akampigia. Kumbe Sekela hakuwa mbali, Isongole iko hapo juu tu. Kabla jua halijatoboa ukungu nikaona bodaboda inashuka na watu wawili nyuma ya dereva: fundi, na Sekela na chuma chake mkononi. Ni kilekile alichokuwa ananipungia!

Ningefanya nini? Mkwe anakuja, mimi niko wazi barabarani! Nikaruka mtaro nikaingia kwenye chai. Nikalala kifudifudi. Manyunyu yakaanza. Wachumaji wakafika na vikapu, mama mmoja karibu anichume. Akauliza mzee unaumwa? Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba nasimamia matengenezo. Akawaita wenzake waje kumwona fundi anayetengeneza gari akiwa tumboni mwa chai. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilitoa maelekezo yote. Nilipiga mluzi mmoja kwa kufunga, miwili kwa kulegeza. Fundi hakutazama upande wangu hata mara moja. Kuonyesha kwamba ameelewa.

Gari likawaka. Sekela akashika usukani, Dada akakaa pembeni, wakaondoka na ndizi. Mila imetunzwa kikamilifu. Nimerudi kwa miguu mpaka Kiwira, na kutoka hapo kwa bajaji. Ya Lutufyo. Njia nzima alikuwa anaimba wimbo wangu ule wa Isongole, taratibu, beti zote.

Jumapili, 8 Juni

Habari njema! Walifika Uyole ikiwa bado kidogo saa sita. Yule mama mteja kashusha mikungu yote, kasema Ijumaa ijayo aletewe tena. Dada karudi anacheka. Kanipikia hata mbalaga, ndizi zetu hizi za kupika, na nyama. Kwa hiyo nilichagua gari sahihi. Ushahidi upo mezani.

Ila kuna jambo wameliamua bila mtaalamu. Gari haliuzwi tena. Kumbe walipokuwa njiani walielewana: Sekela atashuka na viazi, atapanda na ndizi za Dada, gari halirudi tupu kokote. Wote wawili wanalimiliki. Dereva ni Sekela.

Nikamuuliza Dada, na mimi? Kasema kiti cha mbele kipo, nikae katikati yao wawili, kazi ya kushusha mikungu haikosekani. Katikati! Bega kwa bega na mkwe wangu! Nikamkumbusha mila. Kasema anaikumbuka sana, Ijumaa aliiona imelala kwenye chai. Kasema Sekela mwenyewe anasema ndaga, yaani ahsante, na kwamba yuko tayari nimsalimie siku nikichoka kukimbia.

Sijachoka. Na tuseme ukweli: nani kawakutanisha wale wawili? Wasingeelewana kamwe kama gari lisingezimikia mlimani. Mtu mwingine angenunua gari zima, familia ikabaki imetawanyika.

Jumatatu, 9 Juni

Jina limevuma! Alinanuswe wa Kinyala kaniita asubuhi nikamkagulie pikapu ya dizeli anayotaka kununua. Kasikia habari zangu kwa wachumaji chai. Hakueleza walisema nini, na sikuuliza; sifa haziulizwi.

Nimekwenda. Muuzaji ni mwanaume, hana undugu na mimi hata wa mbali. Raha tupu! Nikamtazama usoni mpaka akageuka pembeni.

Gari kaliegesha kwenye mteremko, pua inatazama bondeni, jiwe mbele ya tairi. Nimelipenda papo hapo. Huyo ni mtu anayefikiria safari kabla ya safari. Alinanuswe akasema tuliwashe basi tulisikie. Muuzaji akasema ataondoa jiwe kwanza, lishuke kidogo, ndipo ataliwasha, ndivyo lilivyozoea. Alinanuswe akanitazama. Nikacheka kitaalamu. Nikamweleza kwamba gari linaloanza kwa kutembea ndilo lenye hamu ya kazi. Yale yanayowaka yakiwa yamesimama ni mavivu.

Halafu nikamwambia muuzaji asijisumbue kabisa na hilo jiwe. Mtu mwenye jicho hulitambua gari hata likiwa limelala. Alinanuswe alipe tu kabla mwenye mali hajabadili mawazo.

Muuzaji alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalimlenga. Nadhani hajawahi kukutana na mnunuzi anayejua magari.