Kuhusu Kile Kipimo Mnachompimia Mjukuu Wangu

Kwa Bwana Muthama,
Meneja wa Kompyuta,
Hurlingham.

Bwana Meneja,

Wewe huna adabu. Nasema hivyo kwa heshima, maana nimeambiwa barua ya ofisi huandikwa kwa heshima.

Mjukuu wangu Waithaka huandikia kompyuta zenu maagizo ya kazi. Sasa mmeleta kipimo cha kuangalia kama maagizo hayo yanasomeka na watu, kikampa alama kumi kwa mia, na mmemwambia asipoyanyoosha kabla ya mwisho wa mwezi hamtamwandika kazi ya kudumu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kompyuta inayasoma, inafanya kazi, na haijalalamika. Iliyoandikiwa ni kompyuta, si wewe. Kwa nini unasoma barua ya wenyewe?

2. Eti vitu vingi humo vinaitwa Mungai, mnapotea. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Kitu kikizaa kingine, mlitaka kiitwe Quincy? Krismasi kwangu huwa na akina Mungai meza nzima, na hakuna aliyewahi kupakuliwa mara mbili kwa makosa, isipokuwa yule mnene, na huyo hufanya makusudi.

3. Mnataka aandike maelezo kando ya kila mstari. Mimi nikiponda mukimo sisimami kando ya sufuria nikieleza.

4. Hapa ndipo penye ujanja wenu. Mmemkalisha mfanyakazi mwenzake Sifuna karibu naye ajifunze kuyasoma. Sifuna akishaelewa, Waithaka ni wa nini tena? Mimi sijawahi kumwonyesha Wahu, mke wa mwanangu, vile napika huo mukimo, na ndiyo maana wanatoka Loresho kila Jumapili kuja kuniona. Angejua, ningekuwa nakula peke yangu.

Kwa hivyo tupilieni mbali hicho kipimo, mwandikeni kijana, na Sifuna naye afundishwe kuandika visivyosomeka, asije akafutwa kazi, maana hata yeye ana mama huko kwao.

Salimia mke wako, askari wa lango, na yule msichana wa simu aliyenikatia nikiongea.

Ni mimi shosho yake Waithaka,
Nyokabi, mtaa wa Satellite.

Nyongeza: Waithaka alinitengenezea kwa kompyuta zamu za kina mama wa kanisa, nani akaribishe maombi na lini. Wiki baada ya wiki zamu inatoka ni yangu. Leo wamemaliza chapati zote na Veronicah akaomba za kubeba. Nimemwita Waithaka arekebishe. Ameangalia maandishi yake mwenyewe mpaka chai ikapoa, halafu akaniuliza, "Shosho, ni nani aliandika hii?" Mtumeni Sifuna Jumamosi asubuhi, kabla kina mama hawajafika, na abebe kipimo.