Uchaguzi Huru wa Masomo Yaliyokwisha Kuchaguliwa

Ofisi ya Uratibu wa Uchaguzi Huru wa Masomo ilitangaza, kwa fahari isiyo kifani, kwamba kuanzia muhula huu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiandaa kwa kazi ya afya atakuwa huru kabisa kuchagua masomo manne. Ili kumwepushia usumbufu, masomo hayo yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa.

Tangazo aliliandika Mratibu mwenyewe, akalibandika mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua tatu kulitazama kama mtu anayetazama picha ya harusi yake. Masomo yalikuwa Utangulizi wa Fomu, Nadharia ya Foleni, Ukarimu wa Mapokezi na Historia ya Muhuri. Biolojia na Kemia hayakuwamo, na sababu ilikuwa ya kitaalamu. Kila mwaka wanafunzi thelathini walikuwa wakifeli Biolojia. Mratibu alijaribu kuliondoa somo hilo kwa kundi dogo, na katika kundi hilo hakufeli Biolojia hata mmoja. Sasa kundi hilo ndilo lililokuwa likiendesha zahanati ya chuo.

Wakubwa walipoziona takwimu walimvisha Pete ya Ufanisi mbele ya wafanyakazi wote. Kamati ya manunuzi ilikuwa imechukua kipimo kwenye kidole cha katibu wake, mama mwembamba kupita kiasi, lakini pete ya heshima hairudishwi dukani. Ilisukumwa mpaka ikaingia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa saa tisa alasiri, saa nzima kabla ya usajili kufungwa, akaingia binti mmoja na fomu mkononi.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Umechagua yale manne?"

"Nimechagua mawili. Biolojia na Kemia."

Mratibu alicheka kwa upole wa mwenye madaraka. "Binti, kuwa huru si kuchagua chochote tu. Nani kakudanganya?"

"Shangazi yangu, ni mkunga. Anasema mwaka wa pili hawapokei mtu kwenye ukunga bila hayo mawili. Nisiposajiliwa leo, mwaka wangu umekwenda na maji. Wenzangu thelathini na tisa wako nje, nao wanataka hivyohivyo."

"Huyo shangazi yako ana takwimu?"

"Kapokea watoto mia tisa."

"Hizo si takwimu, hayo ni mazoea." Akainua muhuri wa KUKATALIWA. Badala ya kuugonga, alitoa sauti ambayo haikuwamo katika mwongozo wowote wa mapokezi, na muhuri ukaanguka chini ya meza.

Binti aliinama kuuokota, akauona mkono wa kulia wenye pete. "Mheshimiwa, kidole kimekuwa zambarau. Kinakufa hicho."

"Kidole changu hakiwezi kufa bila kunitaarifu," alisema Mratibu, lakini jasho lilikuwa likimtiririka. Alivuka ukumbi kwenda zahanati, fomu ya binti kwapani, na binti nyuma yake, maana fomu ilikuwa moja tu.

Wahudumu watatu walisimama kwa pamoja, meno nje. "Karibu sana, mheshimiwa! Umeridhikaje na huduma zetu?"

"Hamjanihudumia bado!"

"Tutaandika 'sana'," alisema msimamizi wao, dada mwenye miwani, akampa namba kumi na nne.

"Mbona niko peke yangu?"

"Tunawasubiri hao kumi na watatu. Nadharia ya Foleni, sura ya pili."

Sura hiyo aliiandika Mratibu, na kwa nukta moja fahari ilizidi maumivu. Kisha maumivu yakarudi na ndugu zake. "Jamani, kuitoa pete mnajua?"

"Tunajua kuijazia fomu."

Binti hakungoja. Aliomba sabuni, akakipaka kidole, akachomoa uzi uliokuwa ukifungia majalada. Aliipitisha ncha yake chini ya pete, akauzungusha uliobaki kuelekea ukucha, mzunguko juu ya mzunguko, akikaza mpaka uvimbe ukanywea. Kisha akaivuta ile ncha, akiufungua uzi taratibu. "Vumilia, mzee wangu." Mratibu alimwita mama yake mzazi. Pete ikasogea, ikavuka kifundo, ikaanguka sakafuni.

Alilia, na hakuona haya. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki."

Msimamizi aliiokota pete kwa kitambaa, akafungua jalada. "Mheshimiwa, kuna kasoro ndogo. Huyu hajasajiliwa somo lolote la mwili. Kanuni ya tisa: tiba ya asiyesajiliwa haijatokea."

"Haijatokea vipi, na pete umeishika?"

"Ndiyo maana inabidi irudi."

Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kumshika Mratibu kiwiko, kwa tabasamu zuri kabisa.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Wewe, mheshimiwa. Sote tulipata mia kwa mia."

Mratibu aliitazama pete ikikaribia. "Ngojeni! Namsajili! Biolojia, sasa hivi!"

"Na Kemia," alisema binti. "Sabuni ni kemia."

"Na Kemia!"

"Ruhusa ya mtu mmoja ni upendeleo," msimamizi alisoma, kidole kwenye mstari. "Kanuni ya kumi. Ni wote walioomba, au hakuna."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Binti alitoka mbio ukumbini, na mara zahanati ikajaa wanafunzi, fomu juu ya fomu. Mratibu alitia saini akihema, na kila alipopunguza kasi, pete ilisogezwa karibu kidogo. Fomu ya arobaini ilikamilika zikiwa zimesalia dakika mbili. Binti aliikumbatia yake kifuani, machozi yakimlengalenga. Angeingia ukunga.

Mratibu aliweka kalamu chini. Msimamizi akamrudishia kalamu mkononi, akasogeza fomu nyingine tatu.

"Hizi za nani tena?"

"Zetu, mheshimiwa." Kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Tumeona alivyofanya. Na sisi tunataka kujua."

Mratibu akatia saini kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo.